Dodoso

Walituletea dodoso kidato cha tatu,
asubuhi ya Julai, Uyole,
ukungu ungali umeyalalia matuta ya viazi.
Penseli mpya kila mtu. Mkimaliza, walisema, ni zenu.

Swali la nne: Nyumbani kwenu mna friji?
Ambokile akaninong'oneza,
"Wekea tiki. Nyumba nzima."

La tisa, sakafu: vigae, saruji au udongo.
La kumi na saba:
Umewahi kufanya jambo la hatari kwa kujifurahisha tu?

Mlima Nyoka. Malori yakishuka kwa gia nzito,
breki zikinuka ukoko ulioungua,
na baiskeli mbili zikipenya katikati yake:
ya Ipyana, yenye gia kumi na nane,
na ya Ambokile, ya kubebea mkaa,
isiyo na breki ila kisigino chake.
Mimi sikushuka. Nilishika saa.
Saa yenyewe ya Ipyana, huwaka gizani.

Ipyana alianguka mwezi wa pili.
Baba yake alifika, gari likiwa bado linanguruma
akatoa kadi ya bima.
Plasta tuliiandika majina, hata mwalimu wa zamu,
akarudi na hadithi ndefu kuliko mteremko.

Ambokile alianguka mwezi wa tatu,
kona ileile, lami imelowa.
Mama yake alikuwa gulioni anashindilia lumbesa,
simu haina chaji.
Magunia matatu yakaondoka kwa bei aliyoitaja mnunuzi.
Mguu ulifungwa vijiti na mzee mmoja kule Inyala,
ukapona ukitazama pembeni,
kama mtu aliyeitwa na mwingine.
Baiskeli ilipimwa kwa kilo.
Tangu hapo mkaa wanaubeba kichwani, yeye na dada yake Tusekile,
yeye nyuma.

Ipyana aliomba karatasi ya ziada, apate nafasi ya kueleza.
Ambokile alitia tiki kwenye Hapana.
Nikamkanyaga chini ya dawati: mwongo we.
"Wameandika kujifurahisha," akasema.
Akafuta vumbi la kifutio kwa kiganja.
"Pale mlimani, dakika zile, hakuna aliyejua
nani ni mtoto wa nani."

Dakika nne na sekunde kumi na mbili.
Sikupata kisanduku cha kuziandika.

Saa bado ninayo.
Ipyana hajawahi kuiulizia.