Mabungo ya Bi Chumu

Amekuja tena, jua halijapanda,
pakacha kichwani, viatu mkononi,
kwani njia ya Kangagani ni tope tupu
vuli ikishaanza.
Hodi yake haingoji karibu:
harufu imetangulia, imekwishakaa jikoni.
“Yameiva mtini. Sikuyavundika.”

Mimi si mkaza mwana wake tena.
Talaka yangu ina miaka sita,
imekunjwa kashani
chini ya kadi za chanjo za watoto.
Lakini mabungo hayakai eda.

Twajipaka mafuta ya nazi viganjani,
maana utomvu wa bungo ni ulimbo,
ukikushika leo utakuacha Ijumaa.
Twapasua.
Ndani kokwa zimekumbatiana,
kila moja na nyama yake ya rangi ya machungwa,
wala haziachani kwa upole:
zataka chungio, mwiko, maji ya moto kidogo,
na subira ambayo, kusema kweli,
sikuwa nayo nilipokuwa mke wa mtu.

“Sukari kiasi gani?” Namuuliza kila mwaka.
“Kiasi.”
“Kiasi cha nini?”
“Cha uchachu wake.”
“Na karafuu?”
“Nne. Ya tano ni kiburi.”

Povu linapanda, naliengua,
watoto wanaligombania kwa vipande vya boflo.
Manjano yanazama polepole,
yanakuwa shaba.
Yeye anakoroga na kusimulia:
nani kazaa, nani kaezeka bati,
mbuzi wa jirani aliyekula nusu ya mkeka
na nusu ya pili akailalia.
Jina moja tu analiruka
kama mtu arukavyo dimbwi,
buibui kalishika juu.

Kisahani kimekaa juu ya mtungi kipate ubaridi.
Anadondosha tone,
anahesabu kimoyomoyo,
analisukuma kwa ncha ya kidole.
Linakimbia. “Bado.”
Linakimbia. “Bado.”
La tatu linajikunja ngozi
kama paji la uso wake mwenyewe.
“Epua.”

Chupa zetu ni za kuokoteza:
za mayonezi, za kahawa, mbili za asali,
na moja ya dawa ya kikohozi
tuliyoichemsha mara tatu
na bado hatuiamini.
Kumi na moja jumla.
Tatu zangu. Tatu zake.
Mbili za mwalimu wa chuoni,
moja ya jirani, kwa ajili ya yule mbuzi,
moja ya mkunga aliyempokea mwanangu wa mwisho.

Iliyobaki anaiviringisha gazeti,
anaizungushia kamba ya mnazi,
anaisogeza pembeni, nyuma ya pakacha.
Hasemi ya nani.
Hasemi kwamba boti ya Tanga
inaondoka Jumapili.

“Lete,” namwambia, “kifuniko kimelegea.”
Nafungua kamba. Nafungua gazeti.
Nakishika kifuniko kwa pindo la kanga,
nakikaza kwa mikono miwili,
nakikaza kwa miaka sita,
mpaka kioo kinalia.

Bi Chumu ananitazama.
Anacheka kwa pua.
“Hataweza kuifungua huyo.”
“Ataweza,” namjibu.
“Kiasi.”