Mlango wa Ndoo

Mbele, jengo limevaa la sikukuu:
VIRCHAND 1928, kwa herufi za saruji,
yungiyungi juu ya kila dirisha,
roshani za chuma zilizosokotwa kama jalebi.
Jiwe la kijivu, la Njiru. Pitisha kiganja
utahesabu mapigo ya patasi ya fundi
aliyelipwa kwa futi, si kwa siku.

Kaunti imenituma kulipima.
Bi Zeituni, ghorofa ya pili, ananiuliza:
"Mnalipima mlitunze au mlibomoe?"
Namwambia sijui. Na kweli sijui.
Anabandika chai hata hivyo.

Ngazi kuu ina vidato ishirini na sita,
mkono wake wa msaji umelainishwa
na viganja vya walioruhusiwa kuushika.

Ngazi ya pili iko nyuma.
Ya chuma, imejikunja kama inaumwa tumbo,
yatoka kijumba cha boi juu darini
hadi kichochoro cha River Road
ambako hakuna aliyeweka yungiyungi.
Na hapo ukutani, usawa wa goti,
vijilango sita, inchi kumi na nane kwa kumi na nne.
Vitano vimezibwa kwa matofali.
Kimoja kilisahauliwa.

Babu Ndambuki hakutuambia alifanya kazi gani mjini.
"Nilikuwa wa baraza," alisema. "Wa usiku."
Bibi akigeuza uso.
Alinawa kabla ya kula, akanawa baada ya kula,
akasimama, akaenda kunawa tena.
Sisi watoto tulidhani ni dini.

Napiga magoti. Bawaba inakubali.
Ndani hakuna harufu, ni vumbi tu,
na kwenye kizingiti cha jiwe pana mfuo,
laini kama ndani ya kijiko,
pale ndoo ilipovutwa, ikarudishwa,
ikavutwa, kila usiku,
hadi jiwe likachoka kukataa.

Fomu inataka "vitu vya kuhifadhiwa".
Nimeshaandika roshani, maua, tarehe.
Naongeza: mfuo mmoja, kina nusu inchi.
Pembeni yake pana mstari mfupi: *kazi ya nani*.
Naandika Ndambuki,
nakandamiza penseli hadi karatasi inatoboka.

Juu, Bi Zeituni anaita. Chai inapoa.
Nami natafuta maji, ninawe.