Vidato Hamsini na Nne

Siku ya kura tulipanga foleni Mtemani,
kila mmoja akatia mkono ndani ya ndoo ya plastiki.
"Hapa hatubagui," akasema karani, "kura haina macho."
Kweli haina.
Ingekuwa nayo ingeniona nimekaa kwenye kibaiskeli changu,
magurudumu mawili makubwa, mawili madogo,
isingenipa ghorofa ya tatu.

Vidato hamsini na nne. Nimevihesabu kwa makalio,
si kwa nyayo kama mnavyovihesabu nyinyi,
ndiyo maana najua cha kumi na saba kimemeguka
na cha thelathini kina msumari.
Kibaiskeli hulala chini, nimekifunga mnyororo kwenye bomba la maji
kama mbuzi wa watu.

Alipofariki Bwana Shaame wa ghorofa ya nne
nilisikia ngazi nzima inavuma.
Wanaume waligombania bega,
huyu akitoka yule kaingia, jeneza halikugusa ukuta.
Sikumwonea choyo, maiti ana haki yake.
Lakini mimi niliye hai, kliniki yangu Jumanne,
humsubiri Asaa atoke skuli saa saba
anishushe mgongoni, na daktari keshaondoka.
Mtoto mwema, Asaa. Mwakani anakwenda Unguja kusoma,
na mgongo wa mtu haupangishwi.

Chini, mlango wa kwanza mkono wa kulia,
mna magunia ya karafuu, kufuli tangu masika.
Ya nani? Watu huangalia pembeni.
Karafuu hazina kliniki,
haziendi msibani, hazibanwi na haja usiku,
nazo zimepata nyumba ya chini.

Barua nimeandika tatu.
Sikuomba huruma; huruma ninayo, huniletea sahani kila Ijumaa.
Nimeomba mlango,
na mteremko wa saruji usiozidi urefu wa kitanda,
na swichi nitakayoifikia bila fimbo.
Jibu likaja na muhuri:
"Ombi lako limepokelewa. Fika mwenyewe ofisini,
ghorofa ya pili."

Usiku, mvua ikianuka, harufu ya karafuu
hupanda vidato vyote bila kubebwa na mtu,
hupenya chini ya mlango wangu.
Naikaribisha, ndiyo adabu.
Kisha naiambia: ukirudi chini,
yaambie magunia yajikusanye.
Mwenye nyumba anakuja.