Nuru Ijisahauyo

Tudor, saa nne asubuhi. Dirisha nimeliziba
kwa leso ya mamangu, maana chumba hiki hakitaki jua.
Fundi Shee Mbwana amevua ndara,
ameuweka mguu wa kulia juu ya mto
kama awekaye nguo ya mteja, taratibu, isikunjike.

Miaka thelathini na mitatu mguu huu umekanyaga cherahani
pale Mwembe Kuku. Sasa sukari imeukalia.
"Hauniumi," asema.
Ndilo linalotutisha.

Nabandika nyuzi mbili za kioo, baina yao sentimita moja u nusu.
Mmoja watia leza. Wa pili wangoja.
Haiendi moja kwa moja, nuru ya humu:
yagonga, yapinda, yarudi nyuma, yapotea nyamani
kama mgeni aliyeambiwa "ni hapo tu" kule Kibokoni,
na kidogo ndicho kitokacho, kimechoka,
madoa yanayochezacheza kama mtama kwenye uteo.

"Sasa wapima nini?"
Namwambia: naikamata nuru, kisha naikamata tena,
sehemu ya milioni ya sekunde haijesha,
nailinganisha na nafsi yake. Naiuliza, wewe ndiwe yule?
Damu ikipita, chembe zake huisukuma, huivuruga,
nuru ikajisahau upesi.
Damu ikilala, hujikumbuka.

Acheka. "Basi kwenu nyinyi kusahau ndiyo afya."

Mkono: mstari washuka ghafla, ndoo iliyokatika kamba.
Mguu wa kushoto: washuka.
Wa kulia, karibu na kidole gumba,
watambaa.
Nasafisha ngozi kwa spiriti, nabandika upya.
Umeme wakatika. Jenereta ya jirani yakohoa, yashika. Narudia.
Watambaa.
Nuru ile ile, haijasahau hata herufi.

Simwambii. Kusema ni kazi ya Daktari Nyevu, saa nane.
Naandika namba, naandika tarehe, kalamu yagoma, naitikisa.

Yeye amenyoosha mkono hadi dirishani,
ashika pindo la leso, alipindua, alisoma kwa kidole.
"Mshono wangu huu. Mamako nani?"
Namtajia jina, mtaa, mwaka wa harusi.
Afikiri. Atikisa kichwa.
Hamkumbuki hata kidogo,
nami, mjinga wa dakika moja, nikafurahi.