Kisado

Jumatatu niliwaambia Kidato cha Tatu B:
kesho njooni na makopo,
yale yale mnayopimia nyumbani.
Jumanne darasa likanuka Mwaloni:
kopo la mchele, kopo la karanga, dumu lililokatwa shingo,
na kisado cha Nkwimba, bado na magamba ya dagaa
yaking'aa ukingoni kama chenji.

Ubaoni niliandika ninachoandika mwaka wa kumi na moja sasa:
pai, mara nusu kipenyo, mara yenyewe tena, mara kimo.
Chaki ya hapa Igogo hukatika kabla ya jibu.
Wakapima kwa rula, wakagombea milimita.
Bwire akazungusha uzi kwenye kopo la bibi yake,
akapata tatu nukta moja,
akaniomba radhi kwa ile nne iliyokosekana.

"Sasa tuyaulize maji," nikasema.
Ziwa liko pale chini, nyuma ya mawe,
na maji hayajui kanuni, hujaza tu.

Makopo mengi yalielewana na ubao.
Nkwimba alimimina mara mbili.
Mara ya tatu akamimina polepole,
kama anayemnywesha mgonjwa.
Hesabu: elfu nne themanini na sita.
Maji: elfu tatu mia sita, basi.
Akakipindua kisado.
Kitako kilikuwa kimeingia ndani,
kimebonyezwa kwa nyundo iliyovishwa kitambaa,
mviringo safi, tumbo la mwenye njaa.

Darasa likacheka. Kisha likanyamaza.
Somo hilo halikuwamo kwenye andalio langu.

Hakulia. Alitoa, akazidisha
kwa visado ishirini vya siku, akagawanya,
akaniletea daftari:
*Kila siku mama anauza visado viwili na ushei
vya dagaa ambao hakuna mtumbwi uliowavua.*
Na chini yake, kwa penseli:
*Mwalimu, daftari hili limo humo.*

Kalamu nyekundu ikabaki hewani.
Jibu sahihi. Njia imeoneshwa. Vizio vimetajwa.
Nikaweka vema, kumi kwa kumi,
mkono ukiona haya
kana kwamba nimetia sahihi deni la mtu.

Jumamosi nilishuka Mwaloni.
Mama yake alikuwa ameketi juu ya gunia.
"Ndiwe mwalimu wa makopo?"
Ndimi.
"Basi anza na ndoo ya wale wa jumla,
wanayonipimia alfajiri, wanaiinua
kabla dagaa hawajatulia.
Ukitoka hapo, pima na gunia la ushuru.
Ukimaliza wote, njoo. Mimi nipo."

Sikuwa na rula.
Akanijazia kisado mpaka kikawa kilima,
akaongeza kiganja,
akanitazama,
akaongeza cha pili.

Nilipanda njia ya mawe, mfuko ukinigonga goti,
nikitafuta kanuni ya ujazo wa kiganja
cha mama aliyekasirika.

Nyumbani, mezani, lilikuwapo kopo
ambalo mke wangu huuzia karanga barazani.
Nililishika muda mrefu,
mdomo ukiwa juu.