Barafu ya Juni

Idwal aliijenga ndege bandani, miaka tisa,
banda lililokuwa la kukamulia ng'ombe,
nje kidogo ya Leominster, mvua ikigonga bati.
Injini aliinunua kwa mjane mmoja wa Hereford,
imefungwa blanketi kama mtoto mchanga.

Kitambaa cha mbawa nilishona mimi.
Tangu Pangani kazi yangu ni sindano:
kanzu, mapazia, magauni ya maharusi.
Akaja dukani, kofia mkononi,
"Bi Mwanahawa, unaweza kushona bawa?"
Nikacheka. Kisha nikaenda.
Majira mawili ya baridi, uzi uliopakwa nta,
fundo kila inchi mbili na nusu,
mimi naisukuma sindano huku, yeye anairudisha kule,
bawa katikati yetu kama mgonjwa.

Basi Jumamosi ile nilidai ujira wangu:
kiti cha pili.

Hewa ilikuwa vuguvugu, nzito,
siku ambayo nguo ya asubuhi haikauki hadi magharibi.
Futi mia nne juu ya mabustani ya tufaha
injini ikakohoa.
Si kwa kishindo. Kikohozi cha mgeni
anayetaka ujue yuko mlangoni.
Mshale ukashuka, ukasita, ukashuka.
Idwal akavuta hiki, akasukuma kile.
Kisha kimya,
na ndani yake nikausikia upepo ukipita kwenye mishono yangu
mmoja mmoja, kana kwamba unaihesabu.

Kiwanja kilikuwa nyuma yetu, nilikiona,
kijani, kimenyooka kama kilichopigwa pasi.
"Rudi," nikasema.
"Hapana," kwa sauti ile ile ya kuombea chumvi mezani,
"wanaogeuka ndio wanaozikwa."
Akainamisha pua.
Nilidhani tunaanguka. Kumbe alikuwa ananunua mwendo
kwa kimo, sarafu ya mwisho mfukoni.
Nyaya za umeme. Kondoo. Ua wa miiba.
Shamba la maharage, limechanua.
"Fungua mlango."
"Sasa hivi?"
"Usije ukakwama."

Maharage yakatupokea kwa ngumi.
Mkia ukanyanyuka, ukafikiri, ukarudi chini.
Harufu ya maua, na ya petroli.
Nilitoka na kiatu kimoja.

Bi Gwatkin, mwenye shamba, akaja na buti za mpira,
akatutazama kama mzigo ulioletwa na posta kwa makosa.
"Mko wazima?"
"Wazima."
"Haya. Na maharage yangu nani atalipa?"
Akatumiminia chai kabla hajajibiwa.

Jioni wakaifungua injini bandani.
Kamba hukatikia pabovu; wakapatafuta pabovu.
Mafuta safi. Cheche za buluu. Chujio halina hata unywele.
Wakaiwasha, ikawaka mara ya kwanza,
ikanguruma bila haya.
Idwal akakaa juu ya ndoo.
"Barafu," akasema.
Barafu, mwezi wa sita, kooni mwa kabureta:
mwizi wa pumzi anayeyeyuka
kabla polisi hawajavaa viatu.
Kulikuwa na wenzo wa kuletea hewa ya moto,
aliuchonga mwenyewe, akaupiga msasa majuma mawili.
Hakuuvuta.
Hakuna aliyesema neno. Neno gani?

Bawa la kushoto lilichanika kiasi cha dhiraa.
Nimelishona. Fundo, inchi mbili na nusu, fundo.
Kisha nikapanda kiti chake, nikafunga kwenye ule wenzo
uzi mwekundu, baki la gauni la harusi ya mtu,
mafundo matatu,
ili mkono ukipapasa uujue.
Hajauliza. Sijamweleza.

Leo nguo hazikauki tena kambani.
Nimemsikia anafungua mlango wa banda.