Birika

Machi, Riga, theluji imeanza kuoza kando ya njia.
Mapafu yangu yamesharudi kutoka wodi namba nne,
mimi mwenyewe sijarudi wote.
Nimebaki na mikono ya mtu mwingine,
myembamba, yenye madoa ya sindano,
isiyoweza kuinua birika likijaa.
Basi nachemsha kikombe kimoja kimoja.
Wageni wakija wawili, nasema majani yameisha.

Miaka kumi na tisa nimebeba barua za watu,
ghorofa tano, mkoba begani,
bili, kadi za harusi, hati za talaka.
Sasa barua yangu mwenyewe, bahasha nyepesi ya daktari,
nimeipandisha ngazi nikipumzika mara tatu.
Ndani mstari mmoja: aanze kunyanyua uzito, taratibu.
Uzito gani, hakusema.

Jimu ya kwanza ilikuwa vioo vitupu.
Nilijiona mbele, ubavuni, kisogoni,
wagonjwa sita wamevaa koti langu.
Kijana wa mapokezi, meno meupe kama sinki jipya,
akanisogezea mkataba wa miezi ishirini na minne.
Nilicheka hadi nikakohoa.
Kaka, mwezi Januari
mimi niliahidiwa hadi Ijumaa.

Ya pili, ng'ambo ya Daugava,
muziki ulinigonga kifuani palepale
daktari alipokuwa akigonga kusikiliza maji.
Sikuvua hata glavu.

Ya tatu sikuitafuta. Nilifuata harufu ya mkate mweusi,
nikapita tanuri, nikakuta mlango chini ya shule ya zamani:
ngazi kumi na moja za kushuka.
Nilizihesabu, maana ndizo hizo za kupanda.
Hakuna kioo. Kuna ndoo chini ya bomba linalovuja,
vyuma vilivyoliwa namba na kutu,
na Dzintra, miaka sitini na mitano, shingo kama gogo,
aliyewahi kutupa tufe
kwa niaba ya nchi ambayo haipo tena.

Hakuniuliza nina kilo ngapi.
Aliuliza, "Nyumbani unashindwa kuinua nini?"
Nikasema, birika.
Hakutabasamu. Alifungua daftari la mirabamiraba,
akaandika Vizma, na mbele yake, birika.
Juu ya jina langu nilisoma:
Aivars, mjukuu.
Ilze, dirisha la jikoni.
Na mwingine, jina limelowa, halisomeki:
mume, kumgeuza kitandani.

Mwili haujengwi kwa matofali, najua,
lakini yeye alinipa mpini wa ufagio.
"Huu ndio uzito wako."
Niliona haya mpaka masikioni.
Inama kama unafunga droo kwa makalio.
Sukuma sakafu. Pumua,
pumua kabla hujaishiwa.
Mara nane, alisema.
Kwenye ya sita, ubavu wa kushoto,
pale walipopitisha mrija,
ukaniita kwa jina.
Nikasimama.
Dzintra naye akasimama, mikono mfukoni,
akitazama ndoo inavyojaa
kama mtu mwenye mchana mzima wa kutumia.
Kisha ya saba.
Ya nane sikuifanya. Naandika hapa
nisije nikadanganya baadaye.

Zile ngazi kumi na moja, tusiziseme.

Mlangoni kwangu ufunguo ulikataa kuingia tunduni,
mkono ulivyotetemeka.
Hospitali mtetemo nilipewa bure,
usiku, pamoja na homa, bila kuombwa saini.
Huu nimeulipia euro nne.
Nilikaa kwenye ngazi, nikautazama
kama mtu anavyotazama kiatu alichokinunua kwa pesa yake,
hata kama kinabana.

Usiku nilijaza birika.
Nusu. Kidogo kupita nusu.
Nikatoa vikombe viwili kabatini,
na hakuna aliyekuwa anakuja.